Mlipaji na Mlipiwa: Walpole na Gray katika Majira ya Baridi ya Ulaya, 1739–1741

Mwezi wa Machi 1739 vijana wawili Waingereza, Horace Walpole na Thomas Gray, walivuka bahari kutoka Dover wakaingia Ufaransa. Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 21, wa pili 22. Walikuwa wamesoma pamoja Eton, kisha Cambridge, na sasa walikusudia kuizunguka miji ya Ulaya kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa ada ya vijana wa tabaka la juu la Uingereza katika karne ya 18. Waliondoka pamoja, walirudi kila mmoja kwa njia yake. Baina ya kuondoka na kurudi zimo barua ambazo wanahistoria wa fasihi ya Kiingereza wamezienzi sana, wakitafuta ndani yake chimbuko la hisia mpya kuhusu milima, theluji na magofu. Makala haya yanakusudia kuzisoma kwa jicho jingine. Swali letu ni jepesi kulitamka ijapokuwa jibu lake si jepesi: gharama za safari alizilipa nani, na jambo hilo limeacha alama gani katika maandishi?

Jibu la sehemu ya kwanza linajulikana. Alilipa Walpole. Baba yake, Sir Robert Walpole, alikuwa ameshika hatamu za serikali ya Uingereza tangu 1721, na kufikia 1738 alikuwa amekwisha kumpatia mwanawe huyu mdogo vyeo kadha katika hazina ya taifa, vyeo ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kupokea mapato. Kwa hiyo hata neno "alilipa" lahitaji kusahihishwa kidogo: walipa kodi wa Uingereza, kwa njia ya mzunguko, ndio waliowapeleka vijana hawa Italia. Gray alitoka kwingine kabisa. Baba yake alikuwa mwandishi wa hati za mikataba na mikopo jijini London, mtu mkali ambaye mkewe alifikia kutafuta ushauri wa mwanasheria kwa sababu ya vipigo. Mama huyo, Dorothy, aliendesha duka la kofia na mapambo ya kike katika mtaa wa Cornhill pamoja na dada yake, na fedha za duka hilo ndizo zilizomsomesha Thomas. Alizaa watoto 12. Aliyepona ni huyu mmoja.

Ilikubaliwa kwamba wangesafiri wakiwa sawa. Lakini usawa huo haukuwa na jina katika desturi za wakati ule. Kijana tajiri aliyefanya safari ya namna hii alifuatana kwa kawaida na mwalimu, mtu wa makamo mwenye elimu na asiye na mali, ambaye kazi yake ilikuwa kumwelekeza na kumchunga. Na nyuma yao walikuja watumishi. Gray hakuwa mwalimu, kwa kuwa hakuwa na mamlaka yoyote juu ya mwenziwe. Mtumishi hakuwa. Mgeni naye hukaa siku chache akaenda zake, ilhali Gray alikaa miaka miwili. Wahenga wa Waswahili wamelisema hili kwa ufupi: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Gray hakuwa na chake cha kuliwa, isipokuwa wakati wake na hiari yake ya kuamua leo waende wapi na kesho walale wapi.

Miezi ya kwanza haikuwa na mkasa. Walikaa Paris kama miezi miwili, wakakaa Reims miezi mitatu wakijizoeza Kifaransa pamoja na Henry Conway, binamu yake Walpole, kisha wakashuka Dijon na Lyon. Huko Lyon ndiko walikopata agizo la Sir Robert kwamba waendelee hadi Italia. Hapa yafaa tutue kidogo: uamuzi wa kuivuka milima ya Alpi mwezi wa Novemba, wakati theluji imekwisha kuanza, ulitoka kwa baba aliyekuwa London.

Njia yao ilipita Mont Cenis. Kuhusu kivuko hiki tunazo barua mbili, zote zimeandikwa Turin mara baada ya kushuka: ya Gray kwa mama yake, ya tarehe 7 Novemba 1739, na ya Walpole kwa rafiki yao Richard West, ya tarehe 11. Zinasimulia tukio moja, na ni nadra mhakiki kupata bahati ya namna hii. Siku moja kabla ya kupanda kilele, Walpole alimshusha kijibwa chake garini apunge hewa. Alikuwa mbwa mdogo mweusi, mnene, jina lake Tory. Akawa anatembea mbele ya farasi kando ya msitu wa misonobari, na mara mbwa mwitu, yule mkubwa wa nchi za baridi, akachomoka msituni, akamkamata kooni na kupanda naye mwambani. Mwendesha farasi alirusha mjeledi asimpate. Watumishi waliokuwa nyuma na bunduki hawakuweza kulipita gari kwa ufinyu wa njia. Yote haya yalitokea saa nane mchana, jua likiwaka.

Katika barua ya Walpole kisa hiki ni msiba. Msomaji anaelezwa uzuri wa mbwa, unono wake, mapenzi ya bwana wake, na ukelele usiofaa kitu. Gray anakisimulia kwa utulivu, kisha anaongeza hesabu ambayo Walpole hana: kama mnyama yule angemrukia farasi badala ya mbwa, gari na wote waliokuwamo wangeporomoka kilindini zaidi ya pima 50. Mmoja amepoteza kipenzi, mwingine amepima kimo cha genge. Tofauti hii haitokani na tabia peke yake. Aliyezoea kwamba vitu vyake viko salama huumia kinapopotea kimoja. Mtoto pekee aliyesalia kati ya 12, tena amwandikiaye mama wa watoto hao, hufikiri kwanza juu ya uhai. Twaweza kustaajabu kwamba alithubutu kumwandikia mama yake hesabu ile.

Kesho yake gari lilifunguliwa vipande vipande na kupakiwa juu ya nyumbu. Wasafiri walivishwa manyoya na ngozi za dubu, wakaketishwa juu ya viti vilivyofungwa kwenye miti, wakabebwa na watu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo neno la chombo hicho: machela. Gray anasema viti havikuwa na miguu na vilibebwa mfano wa jeneza. Kwake wabebaji wa kupandia ni wanane. Walpole anataja watu 12 na nyumbu tisa kwa ajili yao, watumishi na mizigo, na muda wa zaidi ya saa tano. Hatuna haja ya kuzilazimisha hesabu hizo zipatane. La kuzingatia ni sura ya wapagazi hao. Wote wawili wanasifu wepesi wa miguu yao katika kushuka mahali ambapo mtu mwingine asingekwenda hatua tatu bila kuanguka. Lakini Walpole anawaita washenzi wa Alpi, anasema kwamba mvinyo uliwagombanisha huku wamewabeba, na anatumaini asiwaone tena watu wasiopendeza kiasi kile. Ni rahisi kudhani kwamba lugha hii ilizaliwa pale Wazungu walipobebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19. Kumbe ilikuwa imekwisha kukomaa kwao wenyewe, miaka 100 na zaidi kabla, dhidi ya wakulima Wazungu wa Savoy.

Barua inayotajwa zaidi na wanahistoria ni ile ya Gray kwa West, ya tarehe 16 Novemba, anaposimulia jinsi walivyozuru makao ya watawa ya Grande Chartreuse kabla ya kuingia Italia. Kwake kila genge na kila poromoko la maji pale limejaa dini na ushairi. Mandhari yenyewe ingeweza kumfanya mkana Mungu aamini. Inasemwa mara nyingi kwamba hapa ndipo Waingereza walipoanza kuipenda milima iliyokuwa ikiwachusha. Si haki kumnyima Walpole sehemu yake, maana yeye alikuwa ametangulia kumwandikia West mwezi wa Septemba, akilundika magenge, mito, mbwa mwitu na ngurumo, kisha akalitaja jina la mchoraji Salvator Rosa. Hapo ndipo wanapoachana. Walpole anaona picha. Aliijua hazina ya picha za baba yake huko Houghton, ambazo baadaye alizichapishia orodha, na mlima kwake ni mfano mwingine wa kitu ambacho mtu aweza kukitundika ukutani. Gray, asiyekuwa na ukuta wa kutundikia picha, anaona mahali pa kuishi.

Walifika Florence katikati ya Desemba 1739. Majira yale ya baridi yanakumbukwa Ulaya nzima kwa ukali wake: mto Thames uliganda London, na baridi hiyo ilitangulia njaa kubwa ya Ireland. Florence, iliyokuwa imempoteza mtawala wake wa mwisho wa ukoo wa Medici mwaka 1737, iliwapokea vizuri. Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza, aliwakaribisha nyumbani kwake. Walpole alijitosa katika karamu, dansi na sherehe za vinyago. Gray alishinda katika majumba ya sanaa akiandika maelezo ya picha na sanamu, akakusanya nakala za muziki wa Kiitalia, na mwaka 1740 akaanza utenzi wa Kilatini juu ya misingi ya fikra, akimfuata mwanafalsafa Locke. Walikwenda Rome na Naples, wakaona machimbo ya Herculaneum yaliyoanza 1738, kisha wakarudi Florence mwezi wa Julai. Wakakaa majira ya pili ya baridi.

Majira haya ya pili ndiyo yaliyouvunja urafiki, ingawa hayakuwa na mbwa mwitu. Mlipaji alipenda kukaa, kwa hiyo walikaa. Tarehe 21 Aprili 1741, siku chache kabla ya kuondoka Florence, Gray alimwandikia West akijichora alivyokuwa baada ya miaka miwili: mzito kiasi, mwingi wa kimya, mwenye kitu kinachofanana na kufikiri bila kuwa kufikiri, asiyeweza tena mikusanyiko ya watu. Wahakiki wengi wameisoma picha hii kama dalili ya huzuni ya kuzaliwa nayo. Kwetu ni taarifa ya mtu ambaye kwa miezi mingi amepelekwa katika mikusanyiko asiyoichagua na ambayo hakuwa na nauli ya kuikimbia.

Mwezi wa Mei, katika mji wa Reggio, waligombana wakatengana. Gray alikwenda Venice pamoja na Waingereza wengine, John Chute na Francis Whithed. Walpole alibaki akaugua koo hata akakaribia kufa. Msomi Joseph Spence, aliyekuwa akipita, alimkuta katika hali hiyo, na tabibu Cocchi akaletwa kutoka Florence. Kiini cha ugomvi kimesimuliwa kwa namna mbalimbali. Liko simulizi lililoenea baadaye kwamba Walpole alimshuku mwenziwe kuwa anamsengenya, akafungua kwa siri barua yake na kuifunga tena. Likiwa kweli au uvumi, linatufaa kwa jambo moja: linaonyesha kwamba watu wa zama zile waliielewa barua ya mlipiwa kuwa ndiyo mali yake pekee katika safari ile.

Ni vigumu kuyasoma haya bila kumkumbuka Salim bin Abakari, ambaye habari za safari yake ya Urusi na Siberia ya 1896, akifuatana na bwana wake Mjerumani Bumiller, zimo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokihariri Carl Velten mwaka 1901. Salim alikuwa mtumishi, wala hakuna aliyemwahidi usawa. Katika hilo nafasi yake ilikuwa wazi kuliko ya Gray. Lakini wote wawili wanasomwa leo kupitia mikono ya wengine. Maneno ya Salim yalipita kwa Velten. Barua za Gray zilipita kwa William Mason, aliyezichapisha mwaka 1775 baada ya kuzikata, kuziunganisha na kuzibadilisha maneno. Walpole aliwahi mapema: barua zake kwa Mann aliomba arudishiwe, akazinakilisha upya kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Gray alirudi kwa kuupita mlima uleule, na mwezi wa Agosti 1741 alizuru tena Grande Chartreuse, safari hii bila mwenzi. Aliacha katika kitabu cha wageni shairi la Kilatini akiomba kukaa pale, na kama hilo haliwezekani, apewe kimya kama kile katika uzee wake. Walipatana Novemba 1745. Gray alimsimulia rafiki yake Wharton mkutano huo kwa kejeli: jinsi Walpole alivyombusu mashavuni kwa wepesi wa mtu anayempokea mjuani wake aliyetoka shamba, akamkalisha kitini na kuanza kuongea. Tangu hapo Walpole alimtumikia kwa namna nyingine. Mwaka 1751 alimshughulikia mchapishaji Dodsley ili shairi la Gray juu ya makaburi ya kijijini litoke kabla gazeti moja halijalichapisha bila idhini, na Gray akakataa kupokea malipo yoyote. Mwaka 1757 kitabu cha kwanza kutoka katika mtambo wa chapa wa Walpole huko Strawberry Hill kilikuwa tenzi mbili za Gray. Kwa hizo Dodsley alimlipa gini 40, fedha pekee alizopata maishani kwa ushairi wake.

Gray alifariki mwaka 1771. Miaka miwili baadaye Walpole alimwandikia Mason barua ndefu akikiri kwamba kosa lilikuwa lake: alikuwa kijana mno, amelewa anasa na kiburi cha kuwa mwana wa Waziri Mkuu, akamdharau mtu ambaye sasa aona haya kukumbuka kuwa alimwona duni kwake. Mason alichapisha maneno machache tu, kwamba Bwana Walpole ameagiza abebeshwe sehemu kubwa ya lawama. Katika habari za ugomvi wa Reggio, basi, maelezo tuliyoachiwa na mmoja wa wahusika ni ya yule aliyelipa.