Kueleza Mshipi

Kitenzi "eleza", ambacho siku hizi hakitujii ila kwa maana ya kufafanua, kina maana yake ya kadimu, nayo ni kukifanya kitu kielee juu ya maji, na kutokana na ukoo huo tukapata "chelezo", yaani boya. Basi mvuvi wa trauti katika mito ya Mlima Kenya, ambaye chambo chake ni nzi wa bandia na ambaye mshipi wake hauna chubwi, hana budi kuueleza mshipi huo. Zamani mishipi hiyo ilikuwa ya hariri, ikipakwa shahamu kabla ya kutupwa mtoni na kuanikwa jioni isije ikaoza. Ya leo huvikwa plastiki yenye viputo vidogo sana vya hewa, lakini uchafu ukiishika, ncha huanza kuzama. Dawa yake ni sahali: ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, uipanguse kwa kitambaa laini, wala usiiache juani, wala usiishike kwa mkono wenye petroli au dawa ya kufukuza mbu, kwani hizo huila plastiki. Nasi tusione haya kusema kwamba mshipi umeelezwa. Ni Kiswahili sahihi.