Majilio Katika Nyumba za Wakristu Kando ya Ziwa Tanganyika

Mwaka wa Kanisa hauanzi mwezi wa Januari. Huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, nayo ni ile iliyo karibu kuliko zote na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Toka siku hiyo twahesabu Dominika nne, na baada yake ndiyo Noeli. Neno lenyewe latoka katika kujilia, yaani kumwendea mtu kwa ajili yake. Bwana awajilia watu wake, nao yawapasa kumtengenezea mahali kabla hajabisha hodi. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo atakuta nini, ikiwa mwenyeji hakufagia hata ua?

Wakristu wengi hudhani ya kuwa Majilio ni kazi ya kanisani tu. Padre avaa rangi ya zambarau, Utukufu hauimbwi, katekista atangaza siku za maungamo, basi imekwisha. Nyumbani mambo huwa yale yale mpaka tarehe 24 Desemba, ndipo watu wakumbukapo nguo za watoto na mchele. Basi napenda kuwaonyesha wasomaji, kwa habari za ziwa letu wenyewe, ya kuwa nyumba za kwanza za Kikristu za pwani hii zilijengwa na watu waliofundishwa kungoja, na ya kuwa wengi wao walikuwa watoto wasio na kwao.

Kwanza tutazame asili ya kipindi chenyewe. Katika karne ya 5 Perpetuo, Askofu wa Tours katika nchi ya Ufaransa, aliwaagiza Wakristu wake wafunge siku tatu kila juma, toka sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hata Noeli. Majilio ya huko yalikuwa marefu, yakifanana na Kwaresima. Huko Roma desturi ya Dominika nne ndiyo iliyopata nguvu, na jina la Papa Gregori Mkuu, aliyekufa mwaka 604, hutajwa sana katika habari hiyo. Walimu wa zamani wakawaeleza watu kwamba Dominika nne ni mfano wa miaka elfu nne, ambayo kwa hesabu ya siku zile wanadamu walimngoja Mkombozi toka Adamu. Hesabu hiyo wenye elimu hawaishiki tena, lakini mfano wake wafaa hata leo: mtoto aweza kuhesabu nne kwa vidole, akafahamu kwamba ahadi ya Mungu ilingojwa vizazi vingi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo kuelekea bara. Walikuwa wamisionari kumi, wametumwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye mwaka 1882 alifanywa Kardinali. Wengine walikuwa wa Nyanza, wengine wa Tanganyika. Padre Pascal, mkubwa wa kundi la Tanganyika, akafa njiani mwezi wa Agosti, asilione ziwa. Wenzake wakaendelea, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879.

Ujiji siku zile ulikuwa mji wa soko na misafara. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kutoka ng'ambo ya magharibi, kisha wakapelekwa kwa njia ya Tabora hata pwani ya bahari. Katika watumwa hao walikuwamo watoto wadogo, ambao mama zao walikuwa wamekufa au wameuzwa upande mwingine. Mapadre wakaanza kukomboa baadhi yao kwa mali. Mwaka huo huo wa 1879 wakafungua kituo Rumonge, kaskazini, katika nchi ya Burundi. Hata tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa huko, katika ugomvi uliohusu mtoto mmoja wa misioni. Tazameni basi jinsi jambo la mtoto mmoja lilivyokuwa kubwa tangu mwanzo wa Kanisa la ziwa hili.

Baadaye vituo vikajengwa mahali pengine. Kibanga, ng'ambo ya ziwa, kilianza mwaka 1883. Mwaka 1885 Wabelgiji wakawaachia Mapadre vituo vyao viwili: Mpala, ng'ambo, na Karema, upande wetu, kusini mwa Kigoma. Ngome ya Karema iliyojengwa kwa ajili ya askari na misafara ikawa nyumba ya sala na ya watoto. Watoto wale wakakua, wakajifunza kulima na kusoma, wakaoana, wakapewa mahali pa kujenga. Hivyo vikatokea vijiji vya kwanza vya Kikristu.

Fikirini kidogo hali ya nyumba hizo. Katika nchi zetu mtoto hujifunza desturi kwa bibi yake, jioni, kando ya moto. Bibi humwambia asili ya ukoo, na miiko, na hadithi. Lakini baba na mama wa vijiji vile wengi hawakuwa na bibi wala babu karibu. Aliyekuwa ametekwa Manyema alimwoa aliyetekwa mbali kusini, wala lugha zao za utotoni hazikuwa moja. Ilikuwa lazima wajitengenezee desturi za nyumbani upya. Walichokuwa nacho ni sala, katekisimu, na kalenda ya Kanisa yenye siku zake za kufunga na za kushangilia. Kalenda hiyo ikawa kwao kama urithi wa ukoo.

Tena walikuwa wamefundishwa jambo moja kubwa, nalo ni kungoja. Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wasiharakishe ubatizo wa watu wazima. Mtu awe kwanza mwanafunzi wa mwanzo miaka miwili, kisha mkatekumeni miaka miwili tena. Jumla yake miaka minne, isipokuwa katika hatari ya kufa. Wako waliolalamika kwamba ni mirefu mno. Lakini tukiitazama vema tutaona kwamba miaka ile minne ilikuwa Majilio makubwa ya nchi hii. Dominika nne za kila mwaka, miaka minne ya mkatekumeni, miaka elfu nne ya mfano wa wazee: hesabu ni moja, na fundisho ni moja. Kitu kikubwa hakipokewi kwa haraka. Aliyekingoja kwa bidii hakitupi upesi.

Yafaa tumtaje mtu mmoja, ili habari hizi zisiwe za jumla tu. Adriani Atiman alizaliwa katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi. Akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwani, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakamlea huko Algeria, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga wa kizungu. Alifika Karema mwaka 1889, akawa daktari na katekista. Akakaa hapo, akiwatibu watu, hata alipofariki mwaka 1956. Alioa mwanamke wa nchi hii, na mwanawe Yosefu akawa padre. Hebu tupime jambo hilo. Mtoto aliyeuzwa sokoni akawa baba wa nyumba, na nyumba hiyo ikatoa padre. Padre haanguki toka mtini kama embe la Ujiji. Hutoka katika nyumba ambamo jioni watu hupiga magoti, na mtoto husikia jina la Yezu kinywani mwa baba yake kabla hajalisikia kwa mwalimu.

Sasa tuvuke bahari kidogo hata Ulaya, maana huko nako desturi moja ya Majilio ilizaliwa kwa ajili ya watoto maskini. Katika mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani, mchungaji mmoja wa Kiluteri jina lake Johann Hinrich Wichern alifungua mwaka 1833 nyumba ya kulelea watoto waliokosa malezi. Kila Majilio walimsumbua kwa swali moja: Noeli lini? Basi mwaka 1839 akachukua gurudumu la gari, akaweka juu yake mishumaa: mikubwa minne kwa Dominika, na midogo kwa siku za kazi. Kila siku wakawasha mmoja zaidi, hata watoto wakaona kwa macho jinsi giza lilivyopungua. Baadaye watu wakabakiza minne tu, wakaizungushia matawi mabichi. Na katika karne ya 20 Wakatoliki nao wakaipokea desturi hiyo. Leo taji la Majilio laonekana katika makanisa mengi ya nchi yetu.

Taji hilo halikuanza altareni. Lilianza katika nyumba ya watoto, nalo laweza kurudi nyumbani bila gharama. Hapa Kigoma hatuna misonobari ya Ulaya, lakini michikichi tunayo. Makuti machache yakisukwa mduara yatosha. Asiye na mishumaa minne aweza kutumia mmoja, au kibatari, akaweka kokoto moja za pwani kila Dominika hata zitimie nne. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye apewe kazi ya kuwasha, baba akimshika mkono. Watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa mengi juu ya taa. Usiku wa giza huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, na wajua kwamba samaki huja penye nuru. Mwambie mtoto: nasi twawasha, kwa kuwa Nuru yenyewe yaja kwetu.

Desturi ya pili ni pango. Mtakatifu Fransisko wa Assisi ndiye aliyetengeneza hori la Noeli pale Greccio, katika Italia, mwaka 1223, ili watu wauone umaskini wa Mwokozi. Nyumbani, hori litengenezwe mapema, likae tupu. Kila mtoto atendapo jambo jema kwa siri, yaani amechota maji bila kutumwa, amemsamehe nduguye, amempelekea chakula mgonjwa jirani, na aweke unyasi mmoja mkavu ndani. Usiku wa Noeli ndipo Mtoto Yezu alazwe juu ya nyasi hizo. Mtoto ataona mwenyewe kama kitanda ni laini au kigumu, wala hapana haja ya kumhubiri.

Desturi ya tatu ni hadithi za jioni. Tangu Adamu hata Maria ziko habari nyingi za kungoja: Nuhu katika safina, Abrahamu mzee asiye na mwana, Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake, Daudi mchungaji. Habari ya Yosefu yafaa sana katika nchi iliyoona watu wakiuzwa. Kila usiku moja yatosha. Tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, isomwe rozari ya nyumba nzima. Tena toka tarehe 17 hata 23 Desemba Kanisa humwita Mwokozi katika sala ya jioni kwa majina saba, kama vile Hekima, Ufunguo wa Daudi, na Emanueli. Watoto wajifunze jina moja kila siku. Siku saba zitakwisha, nao watayajua yote.

Wako watakaosema: Desemba ni mwezi wa kazi. Mvua zimeshika, mahindi na maharage yataka palizi, na baba yu ziwani usiku. Ni kweli. Lakini mwezi huo huo shule hufungwa, watoto wako nyumbani mchana kutwa. Tusipowapa sisi kitu cha kungoja, watapewa na wengine. Watangoja nguo mpya na sahani ya pilau, na tarehe 26 Desemba wataona kwamba yote yamekwisha. Tena tuwatazame jirani zetu Waislamu wa Ujiji. Mtoto wao ajua kwamba Ramadhani yaja hata kabla mwezi haujaandama, kwa sababu nyumba nzima inajiweka tayari. Je, mtoto wetu atajuaje kwamba Bwana yu njiani, ikiwa nyumbani hapana dalili?

Sisi walimu twaweza kumfundisha mtoto majina ya manabii, na katekista aweza kumsikiliza sala zake. Lakini saa ya jioni si yetu. Ni ya baba na mama. Samaki mkunje angali mbichi, husema wenyeji wa maji, nao wajua maana yake kuliko watu wengine. Jimbo la Kigoma, lililopata Askofu wake wa kwanza, Yohane van Sambeek, lilipotengwa mwaka 1946, lilitokana na mbegu ndogo za watoto waliokombolewa na wazazi waliovumilia miaka minne ya mafundisho. Wale hawakuwa na mishumaa mingi, wala bibi wa kuwasimulia. Walingoja kwa uaminifu, wakawafundisha watoto wao kungoja. Sisi tulio na bibi, na vitabu, na makanisa ya matofali, tutatoa udhuru gani?

Basi, Dominika ya kwanza ya Majilio ifikapo, jioni ile kabla ya chakula, ukusanye watoto wako, ukawashe taa moja.