Gati na Tanuu la Lamu

Ashukaye chomboni Lamu hii leo hupanda ngazi za gati, akaona safu ya majumba mbele yake, akadhani mji ulianzia hapo. Sivyo. Ngome, iliyojengwa baina ya 1813 na 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji. Ardhi iliyoko kati yake na gati la sasa ni ufuo uliojazwa baadaye. Mahali pa kushukia wazee walipaita liko, na Likoni ya Mombasa imezaliwa na neno hilo hilo.

Ufuoni hapo ndipo mji ulipopitia kabla haujawa mji. Matumbawe yalikatwa Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa mashua. Boriti zilitoka mikokoni, na urefu wao ndio uliopima upana wa vyumba vyetu. Lakini jiwe na boriti havishikani bila chokaa, wala chokaa haipatikani bila moto.

Nilipokuwa nikifasiri maandishi ya kigeni juu ya majengo ya pwani, neno tanuu lilinitaabisha. Ulaya, tanuu la chokaa aghalabu ni jengo la mawe, lenye mdomo na tumbo. Kazi ikikoma, jengo hubaki, na watu huenda kulitazama. Letu ni rundo tu. Magogo hupangwa kwa mduara, matumbawe hurundikwa juu yake, kisha hutiwa moto. Kuni zikiisha, tanuu nalo limekwisha. Husalia lundo jeupe, ambalo huzimwa kwa maji na kuachwa miezi kadhaa lilainike. Likipakwa ukutani huvuta hewa, likarudi kuwa jiwe.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zimo, milango imo, vidaka vimo. Tanuu lingeingiaje, nalo halikuacha hata ukuta? Lililoacha ni ujuzi, na ujuzi huo unasongwa na saruji. Saruji hushika upesi, lakini ukuta wa matumbawe hupumua. Ukizibwa, unyevu wa chumvi hufungika ndani, na lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Fundi asipopata chokaa iliyokaa, hutia saruji juu ya saruji.

Sisemi turudi kuteketeza miti na matumbawe kama zamani. Ila shimo moja la chokaa iliyozimwa, likitunzwa karibu na gati, lingemfaa fundi huyo kuliko kibao cha shaba.