Benki za Kiislamu Kenya: ni kweli hazina riba?

Juzi nimebishana na jamaa mmoja hapa Mombasa, anasema benki za Kiislamu ni zile zile tu, zimevaa kanzu. Mimi mama mkubwa wangu aliweka pesa kwenye kopo miaka na miaka kwa kuogopa riba, mpaka wezi wakaingia. Kwa hivyo mambo haya si ya mzaha kwangu.

Zilianzaje?
Desemba 2005 Barclays Kenya ilileta akaunti ya La Riba. Benki kamili zilikuja 2008: Gulf African Bank, halafu First Community Bank. Dubai Islamic Bank ikapata leseni 2017. First Community ilichukuliwa na Premier Bank ya Somalia 2023, siku hizi inaitwa Premier Bank Kenya.

Kikwazo kilikuwa sheria. Sheria ya Benki inakataza benki kufanya biashara ya kununua na kuuza bidhaa, na benki ya Kiislamu bila kununua na kuuza haiendi. Ikabidi Benki Kuu iwalegezee. Mengine yote wako chini ya sheria ile ile ya benki zote.

Zinapataje faida?
Murabaha: wataka pikipiki ya 150,000. Benki hainipi pesa, inainunua yenyewe kisha inaniuzia 180,000, nalipa 15,000 kwa miezi 12. Nikichelewa, bei haipandi. Faini ikiwepo, huenda kwa sadaka.

Mudaraba: naweka pesa, benki inafanya biashara, faida tunagawana kwa fungu tulilokubaliana. Hasara ya kibiashara ni ya mwenye mtaji, yaani mimi! Hapo wengi hawasomi fomu.

Kila benki ina masheikh wa kukagua mikataba. Na si lazima uwe Mwislamu kufungua akaunti.

Sasa yule jamaa ana haki? Nusu. Hiyo 30,000 ya juu yaweza kuwa sawa na riba ya benki nyingine, au hata kuzidi. Tofauti ni kwamba benki lazima imiliki pikipiki kwanza. Kama ni karatasi tu zinazunguka, hapo ni kanzu kweli.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi uliza: mali ni ya nani leo, na ikiharibika leo hasara ya nani?

Nyie mwaonaje? Tiririkeni hapo chini, ila matusi hapana.