SAMAKI WA RANGI WA ZANZIBAR: JINA LIPO LONDON, MVUVI HAJULIKANI

Kuna samaki mdogo wa njano kwenye matumbawe ya Unguja, bapa kama kiganja cha mtoto, ana doa moja jeusi ubavuni. Wavuvi wa pwani huiita jamii yake kitatange. Kwenye vitabu vya sayansi anaitwa Chaetodon zanzibarensis. Yaani dunia nzima, kuanzia Japani mpaka Marekani, mpenzi wa kufuga samaki wa baharini akimtaja huyu anaitaja Zanzibar, hata kama hajawahi kuiona ramani yake.

Jina hilo lilitoka wapi? Hapo ndo stori inapoanza.

KONSULI NA CHUPA ZAKE

Mwaka 1863, enzi za Sultan Majid bin Said, Uingereza ilimleta Zanzibar konsuli mpya, mwanajeshi wa Kiskoti aliyeitwa Robert Lambert Playfair. Kazi yake ilikuwa siasa, biashara na mambo ya watumwa. Lakini jamaa alikuwa na ugonjwa mwingine: samaki. Alikusanya samaki wa kila rangi, wakapelekwa London kwenye jumba la makumbusho la Waingereza. Huko alishirikiana na mtaalamu Albert Günther, na mwaka 1867 kikatoka kitabu chao kikubwa kuhusu samaki wa Zanzibar. Kitatange wetu wa njano alipata jina lake la Kilatini kutoka kwa konsuli huyo.

Sasa fikiria kidogo. Kitatange ana mdomo mdogo sana, ndoana haimfai. Anadonoa matumbawe siku nzima. Ili umpate unatakiwa kujua kutega dema, kujua mwamba upi, maji yanakupwa lini na bamvua linaingia lini. Konsuli wa Uingereza alijulia wapi hayo? Kazi hiyo ilikuwa ya watu wa ngalawa na mitumbwi, watu wa dema na nyavu, na wanawake waliokuwa wakishuka pwani maji yakitoka.

Majina yao hatunayo. Wengine huenda hata hawakuwa watu huru, maana soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka sita baada ya kitabu kutoka. Samaki akapata jina, konsuli akapata sifa, na aliyeloa maji akarudi nyumbani na mtumbwi wake.

HATA GOMBESSA ALIPITIA HAPA

Mchezo ulijirudia karibu miaka 90 baadaye. Mwanasayansi wa Afrika Kusini, J.L.B. Smith, alikuwa akimtafuta silakanti, samaki wa kale ambaye Wangazija humwita gombessa. Yeye na mkewe Margaret walisambaza pwani ya Afrika Mashariki vikaratasi vya zawadi ya paundi 100. Zanzibar walikutana na nahodha mfanyabiashara aliyeitwa Eric Hunt, naye akavichukua hadi Komoro. Desemba 1952 mvuvi wa Anjouan akampata.

Samaki akapewa jina gani? Malania, kwa heshima ya Malan, waziri mkuu wa Makaburu aliyetoa ndege ya kumfuata. Ndiyo, Malan yuleyule wa ubaguzi wa rangi! Baadaye wataalamu waliliacha jina hilo, lakini ona heshima ilikimbilia wapi kwanza.

KUTOKA CHUPA YA SPIRITI MPAKA TANGI LA KIOO

Zamani samaki alisafirishwa amekufa, ndani ya spiriti, na rangi yake inapotea. Ndege za abiria zilipozoeleka, watu wa Ulaya na Marekani wakataka awe hai sebuleni. Kwa pwani yetu biashara hiyo ilishika zaidi Kenya. Vijana wanazama na miwani ya maji na vyavu vidogo viwili vya mkono, wanamsukuma samaki polepole mpaka anaingia. Akitolewa kwenye kina kirefu lazima apandishwe taratibu, la sivyo kibofu chake cha hewa kinavimba. Kabla ya safari ananyimwa chakula ili asichafue maji, kisha anafungwa kwenye mfuko wenye oksijeni.

Hiyo ndiyo njia safi. Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wengine walitumia sianidi kuwalevya samaki, sumu ikaua na matumbawe yenyewe.

Na hata njia safi ina mtihani wake. Kitatange wa Zanzibar anakula matumbawe hai, kwa hiyo kwenye tangi la kawaida mara nyingi anakonda mpaka anakufa. Samaki katolewa nyumbani kwake, kapanda ndege, kafa kwa njaa. Hasara tupu.

KWA NINI WASIZALISHWE?

Wengine wanazalishwa. Florida walianza kuwauza samaki wa jamii ya Nemo waliozaliwa kwenye matangi tangu miaka ya 1970. (Nemo mwenyewe wa kwenye filamu hayupo Zanzibar, ila binamu zake wapo, mmoja wa waridi mwenye mstari mweupe mgongoni.) Dume hulinda mayai pembeni ya anemoni, yule mnyama anayefanana na ua. Baada ya wiki moja hivi yanaanguliwa usiku.

Shughuli inaanza hapo. Kiluwiluwi ni kama uzi wenye macho, hakili unga wala mkate. Kinataka wadudu wadogo hai waitwao rotifa, na rotifa nao wanataka mwani usioonekana kwa macho. Kwa hiyo anayelea samaki analea vitu vitatu kwa mpigo. Mwani ukifa Jumatatu, samaki hawafiki Alhamisi. Kitatange ndiyo balaa zaidi: kiluwiluwi chake kina kichwa chenye magamba ya mfupa na huelea bahari kuu kwa wiki nyingi. Kumlea ndani ni kazi ya kukesha.

Je, Zanzibar hakuna wa kuiweza kazi hiyo? Wapo. Beit el Ras kuna kituo cha kutotolea viumbe vya baharini, kilichojengwa kwa msaada wa FAO na KOICA ya Korea Kusini, kinachoshughulika na majongoo bahari na samaki aina ya mwatiko. Mwani, matangi, kukesha, ni elimu ileile. Kabla ya hapo wafugaji walikuwa wakiokota vifaranga vya mwatiko kwenye vidimbwi vya mikoko. Paje walianza kulima mwani mwaka 1989, Jambiani wanawake wanalima sponji. Na Chumbe, hifadhi tangu 1994 yenye aina zaidi ya 400 za samaki, walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani.

Kwa hiyo ujuzi upo, na unapanda. Kinachokosekana ni kuandikwa. Mvuvi anayejua vitatange hutembea wawili wawili wapi na mwezi gani, akifa anaondoka nao. Kesho atakuja mgeni na daftari, atauliza wajukuu, ataandika, na jina la Kilatini la samaki mwingine litakuwa la mjomba wake.

Haya wadau, kama babu yako Nungwi, Kizimkazi au Mkokotoni alikuwa mtu wa dema, andika hapo chini jina lake na alichokijua kuhusu mwamba wake. Uanzie hapo.