Hati punguzo na hesabu ya kinachobaki

Neno kuponi asili yake ni Ufaransa, na maana yake ya kwanza ni kukata: kipande kilichokatwa kwenye karatasi kubwa ili kipelekwe mahali kikalipwe. Limeshaingia kwenye Kiswahili na halina ugeni tena. Wanaonunua hatifungani za serikali wanalitumia kwa riba wanayolipwa kila baada ya miezi sita. Lakini maana inayotajwa zaidi siku hizi, hasa na wanaofundisha kubana matumizi, ni ya kikaratasi, au namba iliyotumwa kwenye simu, inayomwezesha mnunuzi kupunguziwa bei ya sabuni, unga au mafuta ya kula. Kwa maana hii ya pili naona Kiswahili kina istilahi inayoizidi kuponi, tena haikutungwa na wataalamu wa lugha waliojifungia chumbani. Ni hati punguzo, na watu wa Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro, wana sababu ya kuiona kama neno la nyumbani.

Ukitoka Morogoro na kufika Mikumi, barabara kuu inaendelea Iringa, na nyingine inachepuka kushoto kwenda Kidatu na Ifakara. Huko mbele, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, nusu ya pili ya miaka ya 1990 mradi wa KINET ulijaribu kitu kipya: vyandarua vyenye dawa viuzwe madukani kama bidhaa nyingine, ila wajawazito na mama wenye watoto wadogo wapewe kliniki karatasi ya kupunguziwa. Mwaka 2004 wazo hilo likawa mpango wa taifa, ukaitwa Hati Punguzo, na mikoa ya kuanzia ikawa Dodoma na Morogoro. Mjamzito alipewa hati alipohudhuria kliniki, akaipeleka duka lolote lililokuwa kwenye mpango, akaongeza fedha yake, akaondoka na chandarua. Muuzaji naye alizikusanya hati zile na kumpa msambazaji wake badala ya fedha. Mwanzoni hati moja ilikuwa na thamani ya shilingi 2,750, baadaye 3,250. Kwa hiyo kabla ya yeyote kuandika makala ya kuponi za vyakula kwa Kiswahili, maelfu ya akina mama wa vijijini walikuwa wameshaishika kuponi mkononi na kuijua kwa jina lenye maana.

Jina hilo lilisema ukweli ambao majina mengine huuficha. Punguzo si bure. Linadai kuwepo kwa bei kamili, mtu wa kubeba sehemu yake, na kiasi kinachobaki kwa mnunuzi. Hicho kinachobaki ndicho kilichousumbua mpango wenyewe. Kwa miaka ya mwanzo thamani ya hati ilijulikana, lakini nyongeza ya kulipa ilitegemea ukubwa wa chandarua na duka. Mama alitoka kliniki akijua amepunguziwa kiasi gani, asijue atatakiwa kutoa ngapi, na wenye kipato kidogo zaidi ndio walioshindwa mara nyingi kuitumia hati yao. Mwaka 2009 utaratibu ukageuzwa: nyongeza ikawekwa shilingi 500 kwa chandarua chenye dawa ya kudumu. Karatasi ilibaki ileile, ila sasa mama aliweza kukunja noti ya mia tano pamoja nayo kabla ya kutoka nyumbani. Sijaona somo la kuponi lililo wazi kuliko hilo. Mnunuzi hawezi kupanga matumizi kwa kujua alichopunguziwa. Hupanga kwa kujua atakachotoa.

Lipo neno vocha, na serikali yenyewe ililitumia kuanzia msimu wa 2008/09 katika vocha za pembejeo, ambazo mkulima alibadilishia mbolea na mbegu huku naye akichangia karibu nusu ya gharama. Tatizo ni kwamba sikioni mwa Mtanzania vocha ni ile ya simu: unaikwangua, unaingiza tarakimu, unapata thamani yote iliyoandikwa, huongezi hata senti. Neno lenye sauti ya fedha kamili likabebeshwa kitu kinachodai fedha nyingine, na wakulima waliokosa mchango wao wakajikuta na karatasi wasiyoweza kuitumia. Baadhi waliziuza kwa bei ya kutupa. Siwezi kulilaumu neno kwa umaskini wa mfuko, lakini istilahi inayosema wazi kuwa bado unadaiwa ingeanza mazungumzo mahali panapostahili. Na mfasiri mwenye kufuata asili ya Kifaransa neno kwa neno angetupa hatimkato, ambayo makatibu muhtasari waliichukua zamani kwa maandishi yao ya haraka.

Atakayepinga atasema: Kilosa hakuna kuponi za vyakula, istilahi ya nini? Ni kweli kwamba sokoni punguzo lina sura nyingine. Nyanya hupimwa kwa sado, na mnunuzi hatajiwi asilimia. Anaomba nyongeza, naye muuzaji anadondosha mbili tatu juu ya kilele kilichokwisha kujaa. Bei haikuguswa, kipimo ndicho kilichonyooshwa. Kwa mkulima mambo hugeuka: gunia linashonewa kichwa juu likawa lumbesa, na mnunuzi wa jumla anajipa punguzo ambalo hakuna aliyemwandikia hati, jambo ambalo Wakala wa Vipimo umepambana nalo kwa miaka mingi. Pale ambapo bei na kipimo vyote vinachezacheza, hati punguzo haina pa kusimama, kwa sababu muuzaji anaweza kupandisha asubuhi na kupunguza mchana. Hii haiondoi haja ya istilahi. Inaonyesha mahali inapofaa: bidhaa zilizofungwa zenye uzito na bei inayojulikana, kama sabuni, chumvi, majani ya chai, unga wa pakiti na mafuta ya chupa. (Na ole wake atakayeiita kuponi ya grosari. Grosari kwetu ni mahali pa bia.)

Hapo ndipo matumizi yake ya kimkakati yanapoanza, na hesabu yake ni fupi. Tuseme lita ya mafuta ya chupa inauzwa 6,500 na hati inakupunguzia 500. Unatoa 6,000. Kama mafuta ya kupima ya ubora uleule yanapatikana duka la mtaani kwa 5,500, hati yako imekugharimu 500. Kama hati inatumika supamaketi ya Morogoro tu, anayekaa Mikumi ana safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, na nauli haina hati. Na kama kitu chenyewe hukuwa na nia ya kukinunua, punguzo lote ni hasara iliyopambwa. Watoto wanaobandua utando wa ndani wa kizibo cha soda kwa ncha ya kisu, wakitafuta soda ya bure, wanaujua mvuto huu. Kizibo kinatoa zawadi baada ya kununua, na kinamfanya mtu anunue tena. Kuponi ya kwanza ya Coca-Cola huko Atlanta, mwishoni mwa miaka ya 1880, ilitoa glasi moja bure kwa lengo hilohilo la kumzoesha mtu. Anayetoa hati ana hesabu yake, na hakuna ubaya mnunuzi akiwa na ya kwake.

Pingamizi zito zaidi ni la neno hati. Wapo wanaosema hati ni karatasi, na karatasi inakufa. Tangu msimu wa 2022/23 ruzuku ya mbolea hupita kwenye usajili wa kidijitali: mkulima anapata namba, anaitaja kwa wakala, anauziwa mfuko kwa bei iliyopunguzwa. Hakuna kilichokatwa wala kuchapwa. Lakini hoja hii inaiumiza kuponi, yenye kukata ndani ya mfupa wake, kuliko hati. Hati ni uthibitisho wa haki ya mtu, kama ilivyo katika hatimiliki na hatifungani, iwe imeandikwa kwenye karatasi au imehifadhiwa kwenye mtambo. Kwa urefu nakubali: hati punguzo inaizidi kuponi kwa herufi tano. Kuponi na ibaki kwa wenye hatifungani, vocha kwa wenye simu. Kwa mwenye kikapu, mhariri na mfanyabiashara waandike hati punguzo, na chini yake waandike kwa tarakimu kubwa kiasi ambacho mnunuzi atatoa.