Programu ya kuiga amplifaya

Programu ya kuiga amplifaya ni programu ya kompyuta au simu inayoipa sauti ghafi ya gitaa la umeme tabia ya amplifaya, spika na maikrofoni bila vifaa hivyo kuwapo. AmpliTube ya IK Multimedia, kampuni ya Italia, ilitoka mwaka 2002. Kabla yake kifaa cha POD cha Line 6 (1998) kilifanya kazi hiyo nje ya kompyuta.

Gitaa huchomekwa kwenye kadi ya sauti yenye tundu la ukinzani mkubwa, takribani megaomu 1. Tundu la kawaida hufifisha sauti za juu. Kiwango cha kurekodi hakipaswi kugusa desibeli 0, kwani mkwaruzo wa kidijitali unaotokea hapo hauondoki vizuri. Kinachoamua ubora zaidi ni uigaji wa kasha la spika: ukikosekana, hata amplifaya bora husikika kali na yenye kuchoma masikio.

Mipangilio ya programu hutegemea pia mtindo wa muziki. Katika sebene, sehemu ya ala ya muziki wa dansi wa Kongo, ambamo gitaa la solo, la mi-solo (lililo kati ya solo na la kusindikiza) na la kusindikiza hufumana kwa vishazi vifupi vinavyojirudia, hufaa amplifaya safi, mwangwi mfupi na besi iliyopunguzwa. Upotoshaji mwingi wa sauti huzifunika noti za vishazi hivyo.